Tepu ya Gereji, Daftari la Injinia na Wadada Wasiotajwa: Plana ya Stika Ilikotokea

Picha linaanza mwaka 2006 mjini Kurashiki, mkoa wa Okayama, Japani. Pale kuna kiwanda kinaitwa Kamoi Kakoshi, na kwa wakati huo kiwanda hicho hakikuwa na habari na urembo hata chembe. Kilianza mwaka 1923 kwa kutengeneza karatasi za gundi za kunasia nzi, zile unazoning'iniza dukani, nzi anatua, habari yake inaishia hapo. Baadaye kikahamia kwenye tepu za karatasi za mafundi. Wateja wake walikuwa wapaka rangi za magari na watu wa ujenzi. Wanaume wenye ovaroli, kwa kifupi.

Basi ukaingia ujumbe kutoka Tokyo. Wanawake watatu. Hawana gereji, hawajengi ghorofa. Walikuwa wameshatengeneza kijitabu chao wenyewe kuhusu tepu hizo, namna wanavyozitumia kupambia karatasi, zawadi na madaftari, na sasa walikuwa na ombi moja tu: waruhusiwe kuja kukitembelea kiwanda, waone tepu inavyotengenezwa. Pale kiwandani watu walishangaa. Tepu ya kuzuia rangi isivuke mpaka, unaibandika saa mbili unaibandua unaitupa, nani anaipenda kiasi cha kusafiri kuja kuiangalia ikizaliwa?

Tuwaache hao wadada getini kwanza. Tutarudi.

Kama uko mtandaoni sana, hizi video umeshakutana nazo. Mikono miwili, kucha safi, daftari limefunguliwa kwenye wiki mpya. Inabandikwa tepu ya maua juu, stika ya kikombe cha chai Jumatatu, stika ya bili Ijumaa, kurasa za kuchomeka zinaingizwa kwenye ringi: ya bajeti, ya chakula cha wiki, ya madeni, ya siku za hedhi. Hilo ndilo daftari linaloitwa plana. Na chini ya video kama hizo kuna komenti hazikosekani: utoto huo, mtu mzima na stika wapi na wapi, simu si ina kalenda. Wanaoandika hivyo wanadhani wanacheka kitu kilichozuka jana kwa watu wasio na kazi. Kumbe karibu kila kipande cha hilo daftari kilianzia kwa injinia, mwanajeshi au fundi wa gereji, na kila kilipotaka kufa kuna mwanamke alikiokota.

Tuanze na zile ringi na kurasa za kuchomeka. Zamani dayari ilikuwa kitabu kilichoshonwa. Mwaka 1812 mfanyabiashara wa vifaa vya kuandikia wa London, John Letts, alianza kuuza dayari zenye tarehe zimeshachapwa, na aliuza sana. Tatizo la kitabu kilichoshonwa ni kwamba mwaka ukiisha kimekufa. Anwani za wateja, bei, vipimo, vyote unaanza kuhamisha kwa mkono. Mwaka wenyewe unakupa ukurasa wa tarehe 14 hata kama tarehe 14 huna lolote, na ukitaka kurasa tano za tarehe 15, pole yako.

Aliyetegua hicho kitendawili alikuwa injinia wa Philadelphia, Marekani, J.C. Parker. Mainjinia wa mitambo walitembea na vitabu vizito vya majedwali na vipimo, na vingi vilipitwa na wakati kabla havijachakaa. Karibu mwaka 1910 Parker akaja na kurasa ndogo zilizotobolewa matundu, zinakaa kwenye kava lenye ringi. Taarifa ikibadilika unachomoa ukurasa mmoja, unachomeka mpya, maisha yanaendelea. Akaliita Lefax, jina lililofinyangwa kutoka maneno ya Kiingereza yenye maana ya ukurasa wa taarifa. Kwa hiyo kitu cha kwanza kabisa kuchomekwa kwenye plana hakikuwa orodha ya mambo ya kujipenda. Kilikuwa vipimo vya mitambo.

Inasimuliwa kwamba afisa mmoja wa jeshi la Uingereza ndiye aliyeuona mfumo huo ng'ambo enzi za Vita ya Kwanza ya Dunia akauleta nyumbani. Mwaka 1921 ikaanzishwa kampuni ya Norman & Hill mjini London kwa ajili ya kuuza madaftari ya aina hiyo. Wanajeshi waliyapenda, mapadri na wachungaji waliyapenda. Ukiangalia ni watu wenye shida moja: mambo mengi, watu wengi wa kuwakumbuka, na mfuko mmoja.

Sasa mtu muhimu kuliko wote kwenye hii stori hakuwa afisa wala padri. Alikuwa dada aliyeingia pale kampuni kama katibu muhtasi wa muda, anaitwa Grace Scurr. Yeye ndiye aliyebuni jina la Filofax, kwa maana ya faili la taarifa, na jina hilo likasajiliwa mwaka 1930. Yaani jina ambalo Uingereza nzima ilikuja kulitumia kuitia daftari lolote la namna hiyo, hata lisilotengenezwa na kampuni hiyo, lilitoka kichwani kwa mfanyakazi wa muda.

Halafu ikaja 1940. Ndege za Ujerumani zinapiga London usiku baada ya usiku, na moja ya usiku hizo jengo la Norman & Hill likateketea. Kila kitu: bidhaa, karatasi, majina ya wateja, majina ya wanaowauzia malighafi. Kwa kampuni ndogo ya enzi hizo, kupoteza orodha ya wateja ni kupoteza kampuni. Hakuna nakala mahali popote.

Isipokuwa ilikuwepo. Scurr alikuwa na tabia ya kuandika majina na anwani zote za wateja na wauzaji kwenye Filofax yake mwenyewe, na alikuwa anaondoka nayo kwenda nayo nyumbani jioni. Kampuni ilifufuliwa kutoka kwenye lile daftari moja. Tangazo gani la biashara litazidi hilo? Kampuni ya madaftari ya kumbukumbu inaungua, inaokolewa na daftari lake lenyewe, kwenye mkoba wa katibu muhtasi. Baadaye Scurr alipanda mpaka kuwa mwenyekiti wa kampuni, akastaafu katikati ya miaka ya 1950. Hilo kwa mwanamke wa miaka hiyo si jambo dogo, na bado ukitaja Filofax wengi wanawakumbuka wale vijana wa maofisini wa miaka ya 1980 wenye suti za mabega mapana.

Hao nao walikuwepo, tuwape chao. Mwaka 1980 David Collischon na mkewe, waliokuwa wanauza hayo madaftari kwa njia ya posta, waliinunua kampuni. Ndani ya miaka michache Filofax ikawa alama ya mtu mwenye mambo yake London. Mbunifu Paul Smith aliziuza kwenye duka lake la Covent Garden. Kurasa za kuchomeka zikafurika: za gofu, za uvuvi, za kutazama ndege, za mvinyo, ramani za treni za chini ya ardhi. Cha ajabu hakuna aliyesema ni utoto. Mwanaume mwenye ukurasa maalum wa kuandika ndege aliowaona porini aliitwa mtu makini, msichana mwenye stika ya ndege anaitwa hajakua.

Kufika 1990 mambo yakawa magumu, fasheni ikapita, kampuni ikaingia hasara. Vikaja vikompyuta vya mfukoni, Psion, kisha Pilot ya Palm mwaka 1996, halafu simu. Wachambuzi wa mambo wakaizika plana ya karatasi mapema kabisa. Wakasahau kuangalia Japani.

Japani wasichana wa shule walikuwa wameshaanza fujo zao kitambo. Kwenye miaka ya 1970 kulizuka mwandiko wa mviringo, herufi zimejaa kama maandazi, zinachorwa kwa penseli nyembamba, katikati zinapenyezwa mioyo na nyota na nyuso. Hakuna kampuni iliyoubuni. Wasichana wenyewe tu, darasani, kwenye madaftari na barua za kupeana chini ya dawati. Walimu walishindwa kusoma, na shule nyingine zikaupiga marufuku. Makampuni nayo yakaona kitu: kama mtoto yuko tayari kuadhibiwa kwa sababu ya kamoyo kadogo alikochora pembeni ya daftari, basi hako kamoyo kana soko. Sanrio, waliomtoa Hello Kitty mwaka 1974, walikuwa wanauza vifaa vya shule vyenye mapambo kwa hao hao.

Halafu 1995. Kwenye kampuni ya michezo ya video ya Atlus alikuwepo mfanyakazi anaitwa Sasaki Miho. Aliona wasichana wanavyopenda stika na picha, akapeleka wazo: mashine inayokupiga picha na rafiki zako na kuitoa kama stika. Mabosi wake, wanaume, wakalikataa. Baadaye Atlus walipoungana na Sega wakaona isiwe tabu, wajaribu. Mwezi Julai 1995 mashine ikatoka, jina lake Purinto Kurabu, mtaani wakaifupisha purikura. Kwa yen 300 unaondoka na karatasi ya stika ndogo 16 zenye sura zenu.

Ilikuwa balaa. Kumbi za michezo ambazo zilikuwa za wanaume zikajaa wanafunzi wa kike na sare zao. Wenye kumbi wakaanza kuweka mikasi pembeni ya mashine, kwa sababu kitu cha kwanza baada ya kupiga kilikuwa kukata na kugawana. Na zile stika zilikwenda wapi? Kwenye daftari. Yalikuwepo madaftari maalum ya purikura, na zikabandikwa pia kwenye techo, ambayo ndiyo plana ya Kijapani, pembeni ya ratiba ya mitihani. Techo ilikuwa imezoeleka kama kitu cha mfanyakazi wa ofisini, kava jeusi, tarehe na namba za treni. Mikononi mwa wale wasichana ikawa mahali pa kuonyesha una marafiki wangapi na Jumamosi iliyopita ulikuwa na nani. Ratiba na kumbukumbu zikalala kitanda kimoja.

Ndiyo maana Shigesato Itoi, mwandishi maarufu wa matangazo, alipotoa Hobonichi Techo yake ya kwanza mwishoni mwa 2001 kwa ajili ya mwaka 2002, alikuta watu wako tayari. Ukurasa mmoja kwa siku moja, karatasi nyembamba sana, daftari linafunguka likalala. Halikuja na masharti ya namna ya kulitumia, na watumiaji wakalijaza tiketi za sinema, risiti, picha na stika mpaka likavimba.

Kilichokuwa kinakosekana ni tepu, na ili kuielewa hiyo inabidi turudi Marekani, St. Paul, jimbo la Minnesota, kwenye gereji.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 fasheni ya magari ilikuwa rangi mbili. Ili rangi ya pili isivuke, mafundi walifunika sehemu ya kwanza kwa magazeti na gundi kali, na wakati wa kubandua, rangi inatoka nayo. Kazi inaanza upya. Siku moja kijana wa kampuni ya 3M alikuwa kwenye gereji kujaribu msasa, akasikia matusi ya fundi ambaye kazi yake imeharibika. Kijana mwenyewe ni Richard Drew. Alikuwa ameacha chuo cha uinjinia, na ada yake aliwahi kuitafuta kwa kupiga banjo kwenye madansi. 3M wakati huo ni watu wa msasa tu, gundi ya tepu hawaijui. Drew akamwahidi fundi kwamba atatafuta dawa. Bosi akamwambia aache, arudi kwenye msasa. Akarudi, huku bado anachezea gundi pembeni. Mwaka 1925 tepu ikatoka: karatasi yenye gundi ya kushika vya kutosha na kuachia bila kinyongo.

Hiyo sifa ya pili ndiyo siri ya kila kitu kilichofuata. Stika ya kawaida ukiikosea umeumia, ukiing'oa inaondoka na ukurasa. Tepu ya mafundi inakusamehe. Na plana ni kitabu cha mambo yanayobadilika: safari inaahirishwa, miadi inahamia Alhamisi, kazi uliyoahidiwa inayeyuka. Gundi inayokubali kubanduliwa inafaa kwenye plana kuliko hata kwenye gari. Fundi rangi yeyote wa gereji za Ilala anaijua hiyo tepu vizuri, ila hajawahi kufikiria Jumatano ya mtu inakaa juu yake.

Sasa turudi getini Kurashiki. Wale wanawake watatu walishaligundua hilo. Tepu ya Kamoi ilitengenezwa kwa karatasi nyembamba ya asili ya washi, unaikata kwa vidole bila mkasi, ukiibandika maandishi ya chini yanaonekana kwa mbali, na rangi zake, zilizowekwa kwa ajili ya mafundi kutofautisha matumizi, zikikaa juu ya karatasi zinapendeza. Kiwanda kiliwaruhusu kuingia. Walipofika hawakuishia kushangaa mashine, waliomba pia rangi zaidi, za watu wasio mafundi.

Fikiria ombi hilo lilivyokaa mezani kwa watu waliozoea kuuza kwa makatoni kwa wajenzi. Lakini wakajaribu. Mwaka 2008 tepu za urembo za Kamoi, zenye jina la mt, zilikuwa sokoni kwa rangi kama 20, na mwaka huo huo zikapata tuzo ya ubunifu ya Japani, Good Design. Baada ya hapo maua, mistari, paka, ramani, samaki, kila kitu. Leo dunia nzima inaziita washi tepu, na viwanda vingi vinaiga. Stori ya wageni watatu kiwanda chenyewe huwa kinaisimulia. Kwenye rola, hata hivyo, kuna jina la kampuni tu.

Marekani mambo yalichukua sura ya biashara za nyumbani. Wao stika walikuwa nazo siku nyingi: mwaka 1979 Andrea Grossman wa California aliagiza stika za moyo mwekundu zikaja kwenye rola, akaamua kuziuza hivyo hivyo kwa kupima na kukata, watoto wakachanganyikiwa. Miaka ya 2010 watu wazima wakarudi kwenye stika kupitia plana. Plana za Erin Condren zilikuwa na wiki iliyogawanywa kwenye visanduku, vitatu kwa siku, upana wa inchi moja na nusu. Hicho kipimo kikawa mgodi. Mtu mwenye printa na mashine ndogo ya kukatia nyumbani aliweza kutengeneza stika zinazotoshea kisanduku kile kama kofia na kichwa, akauza kwenye soko la mtandaoni la Etsy. Wengi wa waliofanya hivyo walikuwa wanawake, wapo waliokuwa wanalea huku wanafanya. Walichora walichokihitaji: kikapu cha nguo za kufua, siku ya mshahara, dawa ya saa mbili, miadi ya daktari wa akili. Hiyo ya mwisho haikuwahi kuwemo kwenye dayari ya John Letts.

Kampuni kubwa zikafuata nyuma, kama kawaida yao, na vitabu vya stika mamia kwa mamia kwa bei ambayo mtu wa nyumbani haiwezi.

Na ugomvi ukaanza ndani ya familia yenyewe. Mwaka 2013 mbunifu wa New York, Ryder Carroll, alitoa mtandaoni mfumo wake wa Bullet Journal. Alikuwa ameutengeneza kwa ajili yake mwenyewe, kwa sababu tangu utotoni alikuwa na shida ya akili kushindwa kutulia kwenye jambo moja. Daftari tupu, kalamu moja, nukta na vistari. Hakuna stika, hakuna tepu, hiyo ndiyo ilikuwa pointi yake. Haikuchukua muda ukiutafuta mfumo wake Instagramu unakutana na bustani za maua, vichwa vya habari vya rangi na washi tepu kila kona. Wapo wanaosema wameuharibu. Wapo wanaosema kama ukurasa haukuvutii hutaufungua, na plana isiyofunguliwa haina tofauti na tofali.

Kusema ukweli pande zote zina hoja. Kuna wiki zinapambwa, zinapigwa picha kabla hata hazijaandikwa neno, na ikifika Jumapili ni maua tu, hakuna kilichofanyika. Wenyewe wana hadi jina la picha hizo, kabla ya kalamu. Lakini angalia pia Scurr na lile daftari lake. Alilibeba kila jioni kwa sababu lilikuwa lake, si la ofisi. Mtu habebi nyumbani kitu asichokijali, na bomu halikumpa notisi.

Kamoi siku hizi wanatengeneza tepu za mafundi na za urembo, zote mbili, hapo hapo Kurashiki. Na kuna kipindi kila mwaka wanafungua kiwanda kwa wageni. Wanaotaka kuingia ni wengi kuliko nafasi, wengine wanatoka nje ya Japani, wanapita kwenye mashine, wanapiga picha, wanaondoka na tepu zao mfukoni.

Haya wadau, komenti ziko hapo chini. Wenye plana zilizovimba na wenye daftari tupu la nukta, uwanja ni wenu.